Shimo lisilo na maji

Kompresa inazimwa. Mita 120.

Kwa sekunde kadhaa masikio bado yanavuma, kisha sauti za kijiji zinarudi moja moja: mbuzi, pikipiki, mtoto anayeitwa nyumbani. Watu waliokuja na ndoo tangu asubuhi wanaanza kutawanyika bila kuambiwa. Tangu mita ya 60 kilichokuwa kikitoka mdomoni mwa shimo ni vumbi la kijivu, laini kama sembe, na vumbi la namna hiyo halihitaji mtaalamu wa kulitafsiri.

Pembeni ya mtambo kuna virundo 120 vya unga wa mwamba, kirundo kimoja kwa kila mita, vimepangwa kumi kumi kwa safu 12. Mafundi wanafungua mabomba ya kuchorongea, wanapakia, na kabla ya magharibi lori limeshashika barabara. Virundo vinabaki palepale. Usiku mbuzi watapita juu yake.

Tukio hili ni la kawaida katika vijiji vya Dodoma na Singida, kiasi kwamba hakuna anayelipigia picha. Mashimo makavu kwenye miamba ya graniti yapo na yataendelea kuwapo. Kinachonikera, na kimenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, ni vile virundo. Hiyo ilikuwa ripoti ya jiolojia ya mita 120, imeshalipiwa mafuta, vyuma na posho, kisha ikaachwa chini iliwe na mvua.

Miaka mitatu baadaye mradi mwingine unakuja kijiji hicho hicho, na mtambo unasimikwa mita 80 kutoka pale.

Unga unasemaje

Chukua shimo la mfano kwenye graniti ya huko na utembee kwenye safu zake.

Virundo viwili vya kwanza ni udongo mwekundu. Kutoka cha 3 hadi cha 14 ni mchanga wa kahawia uliochanganyika na udongo mweupe unaonata vidoleni. Hiyo ni felispa, moja ya madini yanayounda graniti, iliyooza ikawa kaolini. Kuanzia cha 15 hadi cha 31 chembe zinakuwa kubwa na ngumu, zina kutu ya njano na nyekundu pembezoni. Kutu haiji bila maji na hewa, kwa hiyo hapa maji yamewahi kupita, pengine yanapita bado wakati wa masika. Cha 32 kwenda mbele ni kijivu. Kijivu, kijivu, kijivu.

Kisha cha 47. Ukikichota kiganjani na kukisuuza kwa maji kidogo, unakuta chembe saba au nane zenye kutu katikati ya zile za kijivu, na kipande cha kwatzi nyeupe. Kirundo cha 48 kimerudi kuwa kijivu.

Mita ya 47 ni ufa.

Hauna maji mahali hapo, sawa. Lakini ufa kwenye graniti hausimami mahali pamoja. Unaelekea upande fulani na kuzama kwa pembe fulani. Kukiwa na mashimo matatu yaliyoukuta kwa vina tofauti, hata kama yote matatu ni makavu, mtu mwenye karatasi ya miraba na rula anaweza kukadiria unakoshuka. Shimo la nne linapigwa kule unakokutana na ukanda mnene wa mwamba uliooza, maana ukanda huo ndio ghala la maji, na ufa ni bomba lake tu.

Virundo havisemi kila kitu. Kuna kipimo kingine ambacho hupotea papo hapo: muda. Kila bomba la kuchorongea la mita 3 lina dakika zake za kuzama. Kwenye graniti nzima dakika hukaribiana bomba baada ya bomba. Nyundo inayovunja mwamba chini ya mabomba ikifika kwenye ufa inadondoka ghafla na mlio wake unabadilika. Fundi anayeshika levya, ule mkono wa kuendeshea mtambo, anaijua saa hiyo kwa mkono. Asipokuwa na mtu wa kuandika pembeni yake, ataondoka nayo.

Kavu kwa mujibu wa nani?

Hapa nilibadili mawazo, kwa sababu nilikuwa nalichukulia neno "kavu" kama neno lisilo na utata.

Nyundo ya shimoni huendeshwa kwa hewa yenye shinikizo kubwa, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayopandisha unga juu. Ufa mdogo unaotiririsha maji kidogo hukutana na vumbi jingi linalopita kwa kasi. Vumbi linalowa, linakuwa kama plasta, linaziba ufa. Juu hakuonekani tone. Dalili pekee ni kwamba vumbi linapungua ghafla kwa mita moja au mbili, au linatoka na vidonge vidonge badala ya unga. Fundi mwenye haraka anadhani njia ya hewa imeziba, anamwaga maji au povu shimoni, anaendelea. Kuanzia hapo hakuna tena awezaye kutofautisha maji ya ardhini na maji yaliyomwagwa.

Dawa yake ni rahisi na inaudhi: simama. Kila dalili ya unyevu inapotokea, simamisha uchorongaji kwa dakika 30 hadi 60, kisha puliza tena uone kinachotoka. Na ukifika mwisho wa shimo, usiondoe mtambo jioni ile ile. Liache shimo lilale. Asubuhi teremsha kamba ya kupimia kina, ile yenye kengele inayolia ikigusa maji.

Mashimo yanayoitwa makavu jioni huwa na maji asubuhi mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Maji kidogo, lakini kidogo ni kiasi gani? Tufanye hesabu. Shimo la inchi 6 hubeba takriban lita 18 kwa kila mita ya kina chake. Ukikuta asubuhi maji yamejaa mita 80, hizo ni lita 1,400 na ushee zilizoingia usiku. Tuseme shimo linaingiza lita 300 kwa saa. Kwa saa 20 ni lita 6,000. Sera ya Maji ya 2002 ilihesabu lita 25 kwa mtu kwa siku na watu 250 kwa kituo kimoja, ambayo ni lita 6,250.

Yaani shimo lililotangazwa kuwa kavu linakaribia kutosha kituo kimoja cha kijiji, likiwekewa pampu ndogo ya jua inayovuta polepole na tangi la kupokea. Halitaendesha mradi wa mabomba, na huwezi kuliamini kabla hujalipima mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba, maji yakiwa chini kabisa. Lakini fomu ina nafasi ya neno moja tu: kavu.

Upande wa pili wa kosa hilo upo pia. Shimo lililopuliziwa kwa hewa linaweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 40. Hizo ni lita 1,800 kwa saa, na watu wanapiga vigelegele. Hapo mara nyingi unapima maji yaliyokuwa yamelala kwenye nyufa za karibu, hujapima yanayokuja. Ndiyo maana ya kupima kwa pampu saa 24 mfululizo kwa kasi isiyobadilika, kina kikisomwa kila dakika mwanzoni, kisha kila dakika 5, kila 10, kila 30, halafu pampu inazimwa na kina kinasomwa tena maji yakipanda. Jenereta ikizimika katika saa ya tisa ya kupima, kipimo kimekufa. Unasubiri maji yarudi pale yalipokuwa, unaanza upya. Wengi hawaanzi upya. Wanaunganisha vipande viwili vya jedwali, na mstari kwenye grafu unanyooka vizuri kuliko ardhi yenyewe.

Vyuma vinne

Kabla ya mtambo kuitwa, mtu alipima mahali pale. Kwa nini basi shimo lilikuwa kavu? Wanakijiji huuliza hivyo, na jibu wanalopewa kwa kawaida ni "bahati mbaya". Lipo jibu bora zaidi.

Upimaji wa kawaida hutumia vyuma vinne vilivyopigwa ardhini kwa mstari mmoja. Viwili vya nje vinapeleka umeme, viwili vya ndani vinasoma volti. Vya nje vinasogezwa hatua kwa hatua: mita 1.5 kutoka katikati kila upande, kisha 2, 3, 5, 7, 10, hadi 100 au 150. Kadiri vinavyoachana, umeme unazama zaidi. Kila hatua inatoa namba ya ukinzani kwa ohm-mita, na namba hizo zikichorwa zinaleta mchoro unaoshuka kisha kupanda: udongo mkavu juu, mwamba uliooza wenye unyevu katikati, mwamba mzima chini.

Kwenye graniti za aina hii mwamba mzima huvuka ohm-mita 1,000. Mwamba uliooza wenye maji matamu huangukia kati ya 30 na 150 hivi. Chini ya 10, jihadhari.

Tatizo ni kwamba kifaa hakisomi maji. Kinasoma ugumu wa kupitisha umeme. Ukanda wa udongo wa mfinyanzi uliolowa, usioachia hata kikombe, unaweza kutoa namba ile ile ya mchanga uliojaa maji. Maji ya chumvi yanashusha namba chini kuliko maji matamu, kwa hiyo eneo linalong'ara zaidi kwenye mchoro linaweza kuwa lile ambalo ng'ombe watalikataa. Tena ukanda wa mita 10 wenye ohm-mita 50 na ukanda wa mita 20 wenye 100 ukiwa chini ya udongo na juu ya mwamba vinaweza kutoa michoro inayokaribiana kiasi cha kutokutofautishika. Hesabu ina majibu mengi. Anayechagua moja ni binadamu, na kinachomsaidia kuchagua vizuri ni shimo la jirani ambalo virundo vyake viliandikwa.

Hapo ndipo duara linapofunga.

Makosa ya uwandani ni mengine. Kiangazi mchanga wa juu ni mkavu kiasi kwamba umeme hauingii. Unamwaga maji ya chumvi kwenye mashina ya vyuma vya nje, lakini si kwa wingi kiasi cha kutengeneza kijito kinachoelekea kwenye vyuma vya ndani. Uzio wa waya, bomba la chuma la zamani, laini ya umeme juu: kila kimoja kinapotosha. Vyuma vya ndani vinapopanuliwa, hatua mbili za mwisho lazima zirudiwe kwa upana wa zamani na upana mpya. Zisipolingana, kuna kitu pembeni ambacho si tabaka. Na ukipima kwa mwelekeo mmoja tu, unaweza kupita kandokando ya ufa bila kuujua. Pima msalaba.

Siku hizi zimeingia mashine zinazotoa picha ya rangi papo hapo kwenye simu, buluu kwa "maji", nyekundu kwa "mwamba". Mteja anaipenda buluu. Asichoambiwa ni kwamba rangi hupangwa na programu kwa kulinganisha namba za mstari ule ule: hata mahali palipokauka kote, sehemu yenye namba ndogo kuliko wenzake itapakwa buluu. Sizikatai mashine hizo. Nakataa picha isiyo na namba pembeni.

Mstari wa vipande

Turudi nyuma zaidi, kwenye ramani.

Idara ya jiolojia ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1925, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Edmund Teale, makao yakawa Dodoma. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iko huko huko hadi leo. Kazi yake ya msingi ni karatasi za ramani zile zinazoitwa QDS: kila moja ni nusu digrii kwa nusu digrii, kama kilomita 55 kwa 55, kilomita za mraba zipatazo 3,000. Nchi nzima inagawanyika katika karatasi 322.

Fikiria kazi yenyewe. Ukitaka kupita kila kilomita moja kwenye karatasi moja, utatembea kilomita 3,000. Kwa kilomita 10 kwa siku, na nyundo, dira, kioo cha kukuzia na mfuko wa mawe unaoongezeka uzito, ni siku 300 bila kupumzika. Hakuna aliyewahi kupewa siku 300. Kwa hiyo walipita kwenye mito, kwa sababu mito huonyesha mwamba, na juu ya vilima, kwa sababu vilima vimevuliwa udongo. Katikati, kwenye tambarare za mbuga na misitu, walikisia.

Na walisema kwamba wamekisia. Hili ndilo ninalolipenda kwenye ramani za zamani. Mpaka kati ya miamba miwili ukiwa umeonekana kwa macho, umechorwa kwa mstari kamili. Ukiwa umekisiwa, mstari ni wa vipande vipande. Ukiwa umefunikwa na udongo na mchoraji hana hakika, ni nukta. Ukiijua lugha hiyo, unaisoma karatasi kama barua: hapa nilifika, hapa nilidhani, hapa sijui.

Kisha ramani zikaingizwa kwenye kompyuta. Mtu anaketi mbele ya picha ya ramani na kuifuata kwa kipanya, mstari kwa mstari. Asipoelekezwa kuweka safu ya "uhakika" kwenye jedwali, mistari yote inatoka sawa. Rangi inajaza maeneo hadi ukingoni. Mahali alipotembea mtu kwa miguu na mahali alipopaangalia kwa mbali kutoka juu ya kilima panakuwa na rangi ile ile, ukingo ule ule mkali.

Hakuna aliyedanganya. Shaka imeanguka njiani, kama yale magunia yanayodondoka kwenye lori lililojaa kupita kiasi.

Mtu anayepanga kisima huikuza ramani hiyo kwenye skrini mpaka mpaka wa graniti na nisi, mwamba mwingine wenye mistari, unaonekana kupita nyuma ya zahanati. Karatasi ya asili ilikuwa ya 1:125,000. Milimita moja juu yake ni mita 125 ardhini, na wino wenyewe una unene wa karibu nusu milimita. Ramani haikuchorwa kwa ajili ya nyuma ya zahanati.

Mita 300 kaskazini

Tuseme lakini mtu mwadilifu aliandika kila kitu: virundo, ufa wa mita 47, asubuhi maji mita 40. Akaweka na mahali. Je, utalikuta shimo lake?

Ramani za zamani za nchi hii hutumia mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960. GPS ya simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84. Namba za mashariki na kaskazini zinafanana sura, zina tarakimu zile zile, hakuna kinachopiga kelele. Ukichukua namba za Arc 1960 na kuziweka kwenye GPS bila kugeuza, utajikuta kama mita 300 kaskazini ya shimo, na kama 90 magharibi yake. Ukanda wa mwamba uliovunjika huwa na upana wa mita 10, 20, pengine 50. Umeshaukosa kabla hujashusha vyuma.

Dodoma ina mtego wa ziada. Mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za UTM, ule mpango unaoigawa dunia kwa kanda na kuhesabu namba upya katika kila moja, unakata katikati ya mkoa. Jiji liko kanda ya 36, Kongwa iko kanda ya 37. Kisima cha Kongwa kilichoandikwa bila namba ya kanda, kikiingizwa kwenye kanzidata pamoja na vya jiji, kinaruka zaidi ya kilomita 600 hadi porini magharibi ya Mpanda. Hicho angalau kinaonekana ni kosa. Yale ya mita 300 yanakaa kimya.

Ndiyo maana rekodi ya shimo iwe na vitu vitatu zaidi ya namba: mfumo, kanda, na sentensi moja ya binadamu. "Hatua 45 kutoka kona ya kusini ya shule, upande wa mbuyu." Mbuyu haujui habari za Arc 1960.

Kutoka angani

Kati ya 1977 na 1980 ndege zilipita juu ya karibu nchi nzima zikipima usumaku wa miamba na mionzi, mistari ikiachana kilomita moja, urefu wa mita 120 hivi kutoka ardhini. Kipimo hicho kimetafutia watu dhahabu kwa miaka zaidi ya 40. Vipimo vya kisasa hubana mistari hadi mita 200 au 250 na ndege hushuka chini zaidi. Serikali ilipozindua mwaka 2023 mpango wa Dira ya 2030, Madini ni Maisha na Utajiri, eneo lililokuwa limepimwa kwa kina namna hiyo lilikuwa asilimia 16 ya nchi, na lengo lililowekwa ni asilimia 50 ifikapo 2030.

Kwa wenye visima hii ni habari njema kuliko wanavyojua. Ufa mkubwa uliolowa maji kwa muda mrefu huozesha madini ya sumaku ndani yake, na kwenye ramani ya usumaku huonekana kama mfereji mwembamba wa namba ndogo unaokata mwamba. Ndege iliyotumwa kutafuta dhahabu imepiga picha ya njia za maji pia. Bonde la Makutupora, linaloinywesha Dodoma kwa miongo mingi, linategemea mwamba uliovunjika na kuoza kandokando ya mipasuko ya namna hiyo.

Lakini mfereji kwenye ramani si maji, na kwa hili wenzetu wa Kenya wana funzo waliloligharamia. Septemba 2013, jijini Nairobi, ilitangazwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi, kaunti ya Turkana, kuna hifadhi ya maji inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 200. Rada ya setilaiti, takwimu za mitetemo za wachimba mafuta, jiolojia: vyote vilielekeza kwenye nafasi kubwa chini ya ardhi inayoweza kubeba maji, na maji kweli yalikuwapo. Dunia nzima iliandika. Uchorongaji uliofuata ukakuta chumvi inayozidi kiwango cha kunywa.

Setilaiti haina ulimi. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama tangazo lingesubiri mashimo matano au sita yaliyotawanyika, pamoja na chupa ya lita moja kutoka kila shimo. Hata Tanzania, kwenye ukanda wa Bonde la Ufa wa Arusha, Manyara na Singida, unaweza kupata kisima chenye maji tele na safi machoni, kisha maabara ikarudisha floraidi mara kadhaa ya miligramu 1.5 kwa lita inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya watoto yatakuja kusema baada ya miaka minane.

Hakuna maji, hakuna malipo

Kwa nini basi mashimo makavu hayaandikwi?

Nilidhani ni uvivu. Kisha nikatazama mikataba.

Mikataba mingi ya visima, hasa ya watu binafsi na ya misaada midogo, husema maji yasipopatikana mchimbaji halipwi, au analipwa nusu. Inasikika kama haki. Vaa viatu vya mchimbaji: shimo kavu ni hasara yake peke yake. Kila saa ya kusimama kusubiri ufa upumue ni dizeli yake. Kupima asubuhi ni siku nyingine ya posho. Kufukia shimo vizuri, kwa kurudisha unga na mfinyanzi na kuziba mita 2 au 3 za juu kwa saruji ili mtoto asitumbukie na kinyesi kisishuke, ni mifuko ya saruji isiyo na mlipaji. Kuandika ripoti ni kujitangazia kushindwa kwa maandishi. Basi anaweka jiwe juu ya tundu, anaondoka. Nisingefanya tofauti.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na kanuni zake zinamtaka mwenye leseni ya kuchimba atunze kumbukumbu na kuzifikisha kwa mamlaka za bonde, na bodi za mabonde 9 zipo. Kwa shimo lenye maji kuna msukumo: mwenye kisima anahitaji kibali cha kutumia maji, kwa hiyo karatasi inatembea. Shimo kavu halina mtumiaji, halihitaji kibali, halina wa kulifuatilia.

Upande wa madini mambo yamekaa tofauti kidogo. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 yaliitambua benki ya taarifa za madini chini ya GST, na taarifa za utafiti zikahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Shimo la mita 200 lisilokuta hata chembe ya dhahabu lina faili lake. Anayekuja baada ya leseni kuisha anaanzia pale mwenzake alipokomea. Wajiolojia wa madini hawana aibu na shimo tupu. Wanaliita tu tupu, na kulichora kwenye ramani kwa duara lisilojazwa.

Duara lisilojazwa. Sisi wa maji hatuna hata alama hiyo kwenye ramani nyingi za wilaya.

Pendekezo langu ni la kimkataba, tena dogo. Gawa malipo. Kuleta mtambo kulipwe peke yake, kila mita iliyochorongwa ilipwe kwa bei yake bila kujali maji, na asilimia 10 ya jumla ishikiliwe mpaka mambo mawili yafike mezani: jedwali la virundo na picha ya shimo lililofukiwa. Shimo likiwa na maji au likiwa kavu, asilimia ni ile ile. Mchimbaji atakayelalamika atakuwa yule aliyezoea kusimama mita 70 na kuandika 100.

Jedwali lenyewe

Halihitaji kompyuta. Daftari la shule lenye mistari linatosha: kina, rangi, ukubwa wa chembe, kutu ipo au haipo, unyevu, dakika za kila bomba. Ukurasa wa mwisho: mahali, mfumo, kanda, tarehe, kina cha maji jioni, kina cha maji asubuhi, aliyeshika levya. Nakala moja ofisi ya kijiji, moja RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, moja bodi ya bonde. Shimo la mita 120 linakula kurasa nne.

Na virundo visiachwe vyote. Kutoka kila mita 3, na kutoka kila mita iliyobadilika rangi, chota gao moja, suuza, kausha, weka kwenye mfuko mdogo wa plastiki mgumu. Mifuko 45 hivi inaingia kwenye ndoo moja ya lita 20 yenye kifuniko, na ndoo hiyo inakaa kwenye kona yoyote ya stoo.

Namba ya mita iandikwe mara mbili: kwa kalamu ya wino mzito nje ya mfuko, na kwa penseli kwenye kikaratasi kinachoingia ndani pamoja na unga. Jua la Dodoma hufuta ule wa nje.